Dresa na Damu ya Mundu

Dresa alikuwa na tabia ya kumtazama mtoto kabla ya kumtazama mama yake. Uliingia zahanati ya Kimuli umechoka, umelowa umande hadi magotini, mtoto mgongoni, ukasema shikamoo, yeye hakuitikia. Alikuzunguka kwanza, akamshika mtoto kidevu, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama rangi ya jicho. Ndipo aliposema marahaba. Wengi walimwona hana adabu. Siku ya kwanza nami nilimwona hivyo hivyo.

Sitasimulia alikozaliwa wala ukoo wake. Hakupenda kuulizwa, na katika miaka yote niliyomjua sikumuuliza. Alikuja kwetu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na baiskeli na sanduku la bati, akapewa chumba nyuma ya zahanati. Kuanzia padri hadi watoto waliochunga mbuzi, kila mtu alimwita Dresa, kwa kazi yake ya kufunga vidonda, na jina hilo lilimtosha.

Alikuwa mrefu, mkavu, na miguu yake ilikaa ndani ya buti bila soksi. Alikuwa na shati moja jeupe la kazi. Alilifua mwenyewe kila jioni na kulianika kwenye mibuni nyuma ya nyumba. Mwanamume kufua nguo zake mwenyewe lilikuwa jambo la kuchekesha kwetu, na wanawake kadhaa walijitolea kumsaidia. Aliwashukuru, akaendelea kufua. Alipenda pia kutafuna kahawa kavu, zile tunazompa mgeni akifika. Kwetu kahawa ile ni ya kugawana. Hata maskini hutoa punje mbili tatu. Dresa alitafuna peke yake, kikasha mfukoni, na hakumkaribisha mtu. Nilidhani ni uchoyo. Baadaye niliona akimpa mgonjwa blanketi lake la pekee, msimu wa mvua, naye akalala na koti, nikaacha kudhani.

Ulimi wake ulikuwa mkali. Baba mmoja kutoka mabondeni alileta mtoto aliyechanjwa chale kifua kizima ili kumtoa homa. Dresa alisafisha vile vidonda kimoja kimoja, taratibu, huku akimwimbia mtoto wimbo wa kanisani kwao, maana yeye alikuwa Mlutheri kati yetu Wakatoliki. Alipomaliza akamgeukia baba na kumuuliza alikuwa amekusudia kutibu au kuchuna ngozi. Yule baba alikasirika akaondoka. Wiki ya pili alirudi na mkungu wa ndizi, akauacha mlangoni bila kusema neno. Dresa akaupeleka kwa wagonjwa.

Mimi nilimfikia kwa ajili ya binti yangu, Koku. Nilikuwa nimeolewa Kimuli miaka sita. Mtoto wangu wa kwanza, Deo, alikuwa na nguvu kama beberu. Wa pili, mvulana, alivimba viganja na nyayo kabla hajajua kutambaa, akawa analia ukimgusa, akafa ana miezi minane. Koku alikuwa wa tatu. Alipofika mwaka mmoja, viganja vyake navyo vikavimba. Alipofika miaka mitatu macho yalikuwa manjano, na kila mvua ilipoanza alishikwa na maumivu ya mifupa yaliyomfanya akae kimya siku nzima, kwa sababu hata kulia kulimuumiza.

Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kupata jibu. Alisema kwao hakujawahi kuonekana mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo kitu kile nilikuja nacho mimi kutoka kwa mama yangu. Hakusema kwa kupiga kelele. Alisema akimenya ndizi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na aliacha kula chakula nilichopika.

Dresa alitazama macho ya Koku muda mrefu. Akamgusa tumbo upande wa kushoto. Kisha akaniuliza, "Kabla ya huyu, mmezika wangapi?"

Tangu nimzike mwanangu hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilisema mmoja. Akauliza jina, akauliza alivimba wapi, alianza lini, na upande wa mume wangu walizika wangapi, na upande wa mama yangu je. Alikuwa na daftari la shule, akachora ndani yake duara na miraba iliyounganishwa kwa mistari. Duara ilikuwa mwanamke, mraba mwanamume. Waliokufa kwa maumivu yale aliwatia wino ndani. Aliponigeuzia daftari niliona kwamba upande wa mume wangu pia kulikuwa na miraba miwili myeusi, watoto wa shangazi yake ambao nyumbani hawakutajwa kamwe. Mimi mwenyewe ndiye niliyewataja, bila kujua nilichokuwa nikisema.

Akanitoboa kidole, akaweka tone la damu katikati ya vioo viwili vyembamba, akaziba kingo kwa nta ya mshumaa. Akaniambia nirudi kesho na mume wangu.

Hadubini aliyotumia aliachiwa, kabla hajaja kwetu, na watu waliozunguka kupima malale. Daktari mmoja aliyepita na msafara ule ndiye aliyemfundisha kuziba damu na kuisubiri. Kesho yake nilitazama. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha nikaona vitu vidogo vya mviringo, na kati yake vingine vilivyojikunja vyembamba, vyenye ncha, kama mundu wa kupogolea migomba. Hiyo ilikuwa damu yangu, nami nilikuwa mzima, nalima, nabeba maji. Mume wangu alitobolewa siku hiyo, tukarudi siku ya tatu, na yake ilikuwa na mundu vile vile.

Sasa nitaeleza jinsi alivyotufundisha, maana ndivyo alivyofundisha wote. Alichukua mabakuli mawili na maharage. Katika kila bakuli aliweka mawili tu, moja jeupe na moja jekundu. Akamwambia mume wangu bakuli hili ni yeye na lile ni mimi. Kila mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama, bila kuchagua. Mume wangu akafumba macho, akatoa. Yalitoka meupe mawili. Dresa akasema huyo ni mzima, hana mundu kabisa. Akayarudisha. Likatoka jekundu na jeupe: huyo naye ni mzima, ila amebeba kama tulivyobeba sisi. Mara ya tatu yakatoka vile vile, mara ya nne yakatoka mekundu mawili. Dresa alimtazama Koku, aliyekuwa amelala mapajani mwangu.

Mume wangu aliuliza kama sasa mekundu yamekwisha kutoka, kwa kuwa watoto wawili walikuwa wameyapata.

"Bakuli halikumbuki," Dresa alisema. "Kila mimba huanza upya."

Akamfanya arudie mara nyingi, mpaka mume wangu alipoona mwenyewe kwamba mekundu mawili huweza kuja mara mbili mfululizo, na pengine yasije mara kumi. Ndipo akauliza swali ambalo nililiogopa tangu asubuhi. Alisema kama ni hivyo, tukiachana, kila mmoja akapata mtu asiye na jekundu, si tutapata watoto wazima?

Dresa aliyakusanya maharage kiganjani. Alikuwa anaweza kusema hapana, nami ningefurahi. Akasema, "Ni kweli. Lakini ukiondoka, usiondoke ukimwita mchawi. Nusu ni yako."

Tulirudi nyumbani mume wangu akiwa mbele, mbali, hageuki nyuma. Nilihesabu kwamba ndoa yangu imekwisha. Tulipofika kijito nilimkuta amesimama. Alinyoosha mikono, akamchukua Koku mgongoni mwangu, akavuka naye. Hatukuzungumza juu ya kuachana tena.

Koku alikufa ana miaka sita, msimu wa masika. Dresa alikuja na baiskeli akiisukuma kwenye tope. Alileta asprini na chupa ya maji ya moto, akamfunika, akamnywesha maji kwa kijiko, na aliendelea hivyo siku mbili, akienda zahanati na kurudi. Hakutuambia atapona. Siku ya tatu alasiri Koku aliniita, nikamwinua, akaniegemea hapa begani, basi.

Kwenye matanga, watu wakiwa wamejaa uani, Dresa alisimama akasema jambo ambalo kwa desturi mgeni hakupaswa kulisema. Alisema ameona damu ya baba na ya mama wa mtoto huyu, na ugonjwa uliingia kwa milango miwili sawasawa. Mama mkwe wangu aliinama. Hakuniomba radhi, wala hakufanya hivyo mpaka alipokufa. Ila msimu ule nilipokuwa siwezi kuinuka, nilisikia jembe shambani kwangu, nikachungulia, nikamwona anapanda maharage yangu, peke yake, mgongo umepinda.

Baada ya maziko Dresa alinijia na daftari lake, akasema, "Naomba niandike jina lake." Alikuwa ameandika majina ya wote waliokufa, si alama tu. Jumamosi na Jumapili mchana alizunguka na baiskeli, nyumba hadi nyumba, Kimuli, Kibingo, hadi kule mabonde ya Kagera, akiuliza watu waliozika. Wengine walimfukuza. Walisema anahesabu maiti za watu, na anayehesabu maiti anazitaka. Kuna mzee aliyemwachia mbwa. Alirudi zahanati suruali imechanika, akajifunga dawa, na Jumamosi iliyofuata akaenda tena nyumba ile ile. Mzee alimpa kigoda.

Kulikuwa na swali lililomnyima raha. Alinieleza siku moja tukiwa tunachuma kahawa shambani kwetu, maana baada ya msiba alikuja kututazama mara kwa mara na hakupenda kukaa bure. Alisema watoto wenye mekundu mawili wanakufa kabla ya kuzaa. Kila mmoja anazikwa na mekundu yake. Mababu zetu walizika hivyo, na mababu zao. Tungechukua kikapu cha maharage ya rangi mbili, na kila msimu tuyatupe mekundu mawili mawili, mwishowe kikapu kingekuwa cheupe, au karibu cheupe. Kwa nini basi mekundu hayajaisha Kimuli?

Nilimwambia pengine ni mapenzi ya Mungu. Akasema hakatai, ila anataka kujua Mungu amepitia njia gani.

Jibu alilipata nyumbani kwangu, na sikuwahi kumsamehe kabisa kwa kulipata pale. Mwaka mmoja homa ya mbu ilishuka vibaya. Shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, alizika watoto wawili katika wiki moja, watoto wanene, waliocheza na Deo. Deo naye aliwaka homa siku tatu. Siku ya nne aliamka akaomba ndizi. Dresa alimtoboa kidole, akaziba damu, akasubiri. Deo alikuwa na mundu. Alikuwa amechukua jekundu moja na jeupe moja.

Dresa alifungua madaftari yake yote juu ya mkeka wangu. Alikuwa ameandika pia watoto waliokufa kwa homa. Alinionyesha kwa kidole: wale wazima waliobeba jekundu moja, homa iliwaangusha wakainuka. Huko mabondeni, mbu walikojaa, ndiko waliobeba walikokuwa wengi. Juu milimani, kwenye baridi, walikuwa wachache. Mbu walipunguza wenye meupe matupu, maumivu yalimaliza wenye mekundu mawili, na waliobaki kuzaa wengi ni wale wa mchanganyiko, nao wanapozaa huyatawanya tena yote.

Alisema kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza miaka mingi. Kisha akaniona usoni, akafunga daftari.

Kwa maana nilikuwa nimeelewa. Kitu kilichomwua Koku na kaka yake ndicho kilichomwinua Deo. Kilikuwa kimoja. Nilitaka kukichukia na sikuweza, kwa kuwa mwanangu alikuwa amekaa mlangoni anakula ndizi.

Jioni ile alinifafanulia jambo jingine, kwa upole ambao hakuwa nao kwa kawaida. Alisema tunakosea tunaposema watu wa mabondeni wamezoea homa, kana kwamba mtu anaweza kujizoeza damu. Deo ataishi na damu aliyozaliwa nayo, haitaongezeka wala kupungua. "Mtu habadiliki. Kinachobadilika ni kijiji," alisema, "na kijiji hubadilika kwa waliozaa na waliozikwa." Akasema na wageni pia hubadilisha: binti akiolewa kutoka milimani, au familia ikivuka mto kuja kutafuta shamba, inakuja na maharage yake, na kikapu chetu hakiwi kile cha jana.

Watu walipenda kumpinga kwa kutaja kitongoji kimoja cha juu, cha familia chache zilizohama bonde kwa kuogopa mbung'o. Huko hakukuwa na mtoto hata mmoja wa maumivu, na wenyewe walijivuna kwamba ukoo wao ni safi, wala hawakutaka kuoa kwetu. Dresa aliwapima karibu wote. Kweli, hakuona mundu. Lakini aliwaambia mbele ya mchungaji wao kwamba hakuna usafi hapo. Waliohama walikuwa wachache kama maharage ya konzi moja. Ukichota konzi moja kwenye kikapu kikubwa huweza kutoka na meupe matupu, kwa bahati tu, na mwenzako akachota akapata mekundu mengi kuliko yalivyokuwa kikapuni. Hawakufurahi. Walikuwa wamezoea kusifiwa.

Daktari yule wa msafara alipita kwetu siku moja. Dresa alimwonyesha madaftari. Naambiwa daktari alisoma mpaka chai yake ikapoa, akasema jambo hili ni kubwa, akaomba kuondoka nayo ili awaonyeshe wenzake, atayarudisha. Hakuyarudisha. Dresa aliandika barua, akaandika nyingine, kisha akaacha. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, nikasema mtu yule ataipata sifa yake. Alinitazama kama sikuelewa kitu. Alisema sifa ichukuliwe, majina ndiyo aliyokuwa akiyataka. Akanunua daftari jipya, akaanza kuzunguka tena, akiwaomba kina mama waseme upya. Wengi walikataa. Kusema mara ya kwanza kulikuwa kumewagharimu vya kutosha. Mimi nilimtajia Koku mara ya pili. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa.

Jambo moja kuhusu Dresa sikulielewa kwa miaka mingi. Mtu huyu aliyesema kwamba hakuna wa kulaumiwa, kwamba ni mabakuli mawili tu, alikuwa hana subira hata kidogo na mwanamume aliyemfukuza mke. Mmoja wa Kibingo alikuja kupimwa akasema amekwisha kumrudisha mke kwao, kwa hiyo apimwe yeye tu, athibitishwe ni mzima. Dresa alimpiga kofi. Hapo hapo zahanati, mbele ya wanawake. Alishitakiwa barazani, akakubali kosa, akalipa mbuzi. Nilimuuliza kwa nini, yeye anayewaeleza wengine kwa utulivu hivyo. Akasema buti lilimbana.

Aliishi peke yake. Watu walimtafutia mchumba mara nyingi, naye akasema ndiyo, atafikiri, wala hakufikiri. Tulidhani ni mtu wa kazi tu.

Miaka michache kabla ya uhuru macho yake yaliingia ukungu, akaacha kazi, akahamia Bweranyange kwenye kibanda kilichokuwa ndani ya kibanja, shamba la migomba la muumini mwenzake. Nilienda kumwona kwa shauri. Deo alikuwa anataka kuoa, na msichana alikuwa wa mabondeni. Nilimpelekea kuku. Nilimkuta ameketi juani, mikono magotini. Alinitambua kwa sauti.

Kuhusu Deo alisema waende wote wawili hospitali Bukoba wapimwe, wajue kabla ya harusi, kisha waachwe waamue wenyewe, na mimi nisitie neno. Nikasema sawa. Nilidhani mazungumzo yamekwisha.

"Mimi sikujua kabla," alisema.

Ndipo aliponieleza. Alikuwa na mke. Walizaa watatu. Wawili walikufa kwa maumivu yale, viganja vimevimba, macho manjano. Yeye wakati huo alikuwa amekwisha kusoma udresa, ana cheti, watu wanamwamini, na kwa kuwa alikuwa na cheti alisema ni damu ya mkewe, na watu wakaamini. Alimrudisha kwao Kibingo na kifurushi cha nguo. Binti wa tatu, wa miaka mitano, alibaki naye, maana mtoto ni wa baba. Msimu wa mvua uliofuata binti naye aliugua, akafa mikononi mwake.

Miaka ikapita. Daktari wa msafara alipomfundisha kuziba damu kwenye vioo, alimwambia ajifunze kwa kujitoboa mwenyewe. Alijitoboa. Asubuhi alitazama akaona mundu.

Hapo ndipo alipoomba kuhamishiwa Kimuli, kwa kuwa ni karibu na Kibingo. Ilimchukua karibu mwaka mzima kupata moyo wa kwenda. Alimkuta mkewe wa zamani shambani anapalilia. Alikuwa ameolewa tena, ana watoto wanne, wote wazima. Dresa alisimama kwenye ukingo wa shamba akamweleza yote, damu yake mwenyewe na damu ya mwanamke, nusu kwa nusu. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe. Akamwambia alijua siku zote kwamba si yeye peke yake, wala hakuhitaji hadubini. Kisha akauliza jambo moja tu, kuhusu yule binti aliyebaki.

"Aliuliza, 'Aliniita?'" Dresa aliniambia. "Nikamjibu hapana. Nikasema alilala tu."

Sikutaka kuuliza, lakini nilimwuliza ukweli ulikuwa upi.

"Siku tatu, Mama Deo. Mpaka sauti ikaisha."

Alipangusa macho yake mabovu kwa kiganja. Hakuniuliza kama alifanya vizuri au vibaya, na ninashukuru, kwa sababu hata leo sijui. Nilikaa naye mpaka jua lilipoanza kushuka nyuma ya migomba, nikamwinjikia maji, nikampasulia kuni, nikamuaga.

Deo na mchumba wake walipimwa. Msichana hakuwa na mundu. Walioana, na nina wajukuu watano. Dresa hakuwaona. Alikufa kabla ya mavuno ya kahawa yaliyofuata, na tulitembea kutoka Kimuli kwenda kumzika, watu wengi kuliko nilivyotegemea, wengi wao kina mama.

Tulipokuwa tunatawanyika, mwanamke mmoja mkubwa kwangu, aliyejifunga kitambaa cheusi, alinijia kando ya njia. Nilimwamkia. Akauliza kama mimi ndiye Mama Deo, niliyekuwa nikimtembelea marehemu. Nikasema ndimi. Alitazama chini kidogo, kisha akasema anatoka Kibingo, na nikajua ni nani.

Aliniuliza kama marehemu aliwahi kunisimulia habari za binti yao, jinsi alivyokufa.

"Alisema alilala tu," nilimjibu.

Alinitazama usoni muda mrefu. Watu walipita kandokando yetu, wakitusalimu, hakuna aliyewaitikia kati yetu.

"Wewe nawe ulizika wa ugonjwa ule," akasema.

"Binti. Alikuwa na miaka sita."

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili, akanishika mkono. Tulisimama hivyo mpaka njia ikawa tupu.